Bumba la chembe 30 na zabibu za mjomba

Mwezi wa tatu mwaka huu mjomba wangu kule Mpunguzi alipoteza zabibu nyingi sana, na sio kwa ugonjwa wala ndege, zilioza kwenye kreti zikisubiri gari. Zabibu ukishaikata haina subira, jua la Dodoma mnalijua, na usiku wa kuamkia siku ile mvua ilinyesha korongo likashuka na maji, kirikuu ikashindwa kuvuka ikabidi irudi izunguke na barabara ya Iringa ndo itokee upande wa pili, imefika saa kumi jioni, mzigo umekatwa alfajiri. Nilikuepo. Kuna mama mmoja alikaa pembeni ya kreti zake kajitanda kanga hasemi kitu, na mpaka leo nikifumba macho namwona.

Wakulima wa pale wanazungumza siku nyingi kwamba wangekua na vituo vitatu vya kukusanyia, vya pamoja, vyenye kivuli, kila mtu apeleke mzigo wake pale kwa toyo au baiskeli au kichwani, alafu gari likusanye mara moja. Shida ni viwe wapi. Kila anayesimama kwenye kikao anataka kituo kiwe karibu na kwake, na ni haki yake, simlaumu mtu. Mashamba yenyewe yako 41 yametawanyika kati ya Mpunguzi, Matumbulu na Mbabala. Mjomba akaniambia, mpwa wangu, we si ndo unasomea kompyuta, hebu tuulizie huko.

Nikakaa chini nikapiga hesabu. Chukulia eneo lina kilomita 20 kwa 15 na we unaligawa kwenye viraba vya mita 100, unapata sehemu 30,000 ambazo kituo kinaweza kukaa. Sasa chagua tatu. Ni zaidi ya trilioni 4 za namna ya kuchagua. Huwezi kujaribu moja moja, hata ukiwa na kompyuta nzuri kuliko hii yangu utachoka, kwa hiyo unatafuta njia ya kutafuta, na njia niliyoichagua ni bumba la chembe, kwa Kiingereza particle swarm.

Nieleze kidogo kwa ambaye hajawahi kukutana nalo. Mwaka 1995 Wamarekani wawili, James Kennedy na Russell Eberhart, walipeleka wazo lao kwenye mkutano mji wa Perth, Australia. Eberhart alikua injinia wa umeme ila Kennedy alikua mtaalamu wa saikolojia ya jamii, na hili mi nalipenda sana kwa sababu linaonyesha kitu kilianzia wapi. Walikua wanajaribu kuiga kwenye kompyuta jinsi viumbe wanavyoishi kwa kundi, ndege wanavyoruka pamoja wakitafuta chakula, watu wanavyobadilishana mawazo, na katika kupunguza punguza ule mfano wakakuta wanachobaki nacho kinatatua hesabu ngumu. Yaani ni mfano wa jamii uliogeuka kua kifaa cha hesabu.

Kila chembe ni pendekezo moja zima. Kwangu mimi chembe moja ilikua imebeba namba sita, mbili mbili za kuonyesha mahali pa kituo cha kwanza, cha pili na cha tatu. Chembe inahama hatua kwa hatua na inavutwa na vitu vitatu: mwendo iliokua nao, kumbukumbu ya pendekezo lake zuri kuliko yote iliyowahi kulipata, na pendekezo zuri la wenzake. Basi. Hakuna bosi, hakuna anayejua jibu. Miaka mitatu baadae Yuhui Shi na Eberhart wakaongeza namba ya kupima ule mwendo wa zamani uheshimiwe kiasi gani, ukiupa nguvu nyingi chembe zinazurura mbali, ukiupunguza zinatulia.

Nikaweka chembe 30, nikawasha, na jibu likaja bovu. Sio bovu kidogo, ni bovu la kukatisha tamaa, vituo vinarundikana katikati ya ramani hata pasipo na shamba. Nilikaa na hilo tatizo siku nne. Nilikagua hesabu, nilikagua vipimo vya mashamba, vyote viko sawa. Usiku wa nne ndo nikaona. Chembe moja inataja kituo cha Mpunguzi kwanza, Mbabala pili, Matumbulu tatu. Nyingine ina vituo vilevile karibu kabisa ila inavitaja kwa mpangilio mwingine, Mbabala kwanza. Mawazo yao ni mamoja. Lakini ile ya kwanza ikijifunza kwa mwenzake inavuta kituo chake cha Mpunguzi kwenda Mbabala, na cha Mbabala kuja Mpunguzi, vinakutana porini. Wote wanasema kweli na hawaelewani.

Dawa yake ilikua mstari mmoja tu wa programu: kila chembe itaje vituo vyake kuanzia magharibi kwenda mashariki. Hiyo sio akili mpya, hakuna chembe iliyokua na akili zaidi baada ya hapo. Ni desturi. Ni kama watu kukubaliana salamu. Na palepale jibu likaanza kunyooka.

Ikanikumbusha habari ya ndege mlembe, yule anayewaongoza watu kwenye asali. Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi humwita kwa kupiga mluzi, na Wayao wa Niassa huko Msumbiji wao humwita kwa mlio mwingine kabisa, wa kutetemesha ulimi alafu mguno. Claire Spottiswoode na Brian Wood wakachapisha utafiti mwaka 2023, walipeleka milio yote miwili sehemu zote mbili wakaona ndege anajibu zaidi mlio wa nyumbani kwake, na kwenye vilima vya Kidero kwa Wahadzabe walembe waliitikia mluzi wa pale zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao. Fikiria hapo. Ndege yuleyule, asali ileile, binadamu na ndege wanatatua tatizo kwa pamoja, mmoja anajua mzinga uko wapi mwingine ana moto na shoka, na bado bila ule mluzi wa mahali pale ushirikiano unapwaya. Lugha ya pamoja inatangulia, ujuzi unafuata.

Haya, bumba likawa linaelewana. Tatizo la pili likawa kwamba linaelewana kupita kiasi.

Mwanzoni nilipanga kila chembe ione pendekezo bora la bumba zima. Ilionekana ndo haki, habari njema imfikie kila mtu papo hapo. Ndani ya hatua chache tu chembe zote 30 zikawa zimekimbilia sehemu moja, vituo viwili Mpunguzi ambako mashamba ni mengi, kimoja kimetupwa huko upande wa pili wa korongo, na zikatulia hapo. Nikiwasha upya zinakimbilia penginepo na kutulia tena. Kila mara haraka, kila mara kwa uhakika, na kila mara kuna watu wanaachwa na safari ndefu. Nikabadilisha, nikazipanga kama watu waliokaa duara kuzunguka moto, kila moja inamsikia wa kulia na wa kushoto tu. Habari njema bado inazunguka ila inapita mdomo kwa mdomo, inachukua muda, na katika huo muda wale wa upande wa pili wa duara wanaendelea kuhangaika na mawazo yao wenyewe. Ikachukua hatua nyingi zaidi ya mara tano. Jibu likawa zuri kuliko yote niliyokua nimepata.

Hii kitu inajulikana, sijaigundua mimi. Kennedy mwenyewe alishachunguza nani amsikilize nani ndani ya bumba, na mwaka 2007 David Lazer na Allan Friedman wakaonyesha kwa mfano wa kompyuta kwamba kundi ambalo kila mtu anawasiliana na kila mtu linafanya vizuri mwanzoni, ila muda ukienda lile lenye mawasiliano ya polepole ndo linapata jibu bora, kwa sababu bado lina watu wenye mawazo tofauti. Mi nilivyosoma nilimwona babu yangu. Babu alikua na shamba la uwele kwenye kichanga, na jingine la mtama kule mbugani, na ng'ombe wake wengine aliwaweka kwa rafiki zake mbali, Bahi huko, watu wakamwona kama anajisumbua. Wagogo wengi waliishi hivo na wengine bado. Mvua ya hapa haimalizi hata miezi mitano na inaweza kunyesha kwa jirani kwako ikaruka, sasa kijiji kizima kikimuiga mtu mmoja aliyebahatika mwaka jana, mwaka huu mkikosa mnakosa wote. Babu hakua na neno la kitaalamu la hiyo kitu. Ila aliijua kwa tumbo.

Hapo ningeweza kuishia. Jibu lilikua zuri. Lakini kuna jambo lilikua linaniuma, kwamba kila nikiwasha programu bumba linaanza kama limezaliwa leo. Linajifunza upya kwamba korongo halipitiki, linajifunza upya kwamba kituo hakikai juu ya mwamba. Watu hawaishi hivo. Mtoto wa Mpunguzi hazaliwi na kwenda kuzama korongoni ndo ajue, anaambiwa.

Ndo nikakutana na kazi za Robert Reynolds wa chuo kikuu cha Wayne State, Detroit, Marekani, aliyetoa mwaka 1994 kitu kinachoitwa algoritimu za kitamaduni, yaani njia za kompyuta za kutafuta jibu zinazoiga utamaduni. (Kuna Reynolds mwingine, Craig, aliyetengeneza mfano wa ndege warukao kwa kundi mwaka 1987, nilikua nawachanganya.) Huyu Robert alianzia mbali na hesabu za vituo. Alitengeneza mfano wa kikundi kidogo cha watu wa kale kwenye pango la Guilá Naquitz huko Oaxaca, Mexico, watu wa kuokota na kukusanya chakula, jinsi walivyojifunza wakusanye nini mwaka wa mvua na nini mwaka wa ukame na wakarithishana hayo maamuzi, ikatoka kwenye kitabu cha mwanaakiolojia Kent Flannery cha 1986. Mwaka wa mvua na mwaka wa ukame! Mtu wa Dodoma akisoma hapo hahitaji kuelezwa zaidi.

Wazo lake ni kwamba kuna ngazi mbili. Chini kuna umati, zile chembe zinazohangaika. Juu kuna hazina ya maarifa ambayo sio mali ya chembe yoyote, ni ya wote. Na kati yao kuna milango miwili: mmoja wa kupandisha, unaoamua nani uzoefu wake uingie kwenye hazina, mwingine wa kushusha, unaoamua hazina imwongoze nani na kwa nguvu gani. Mi naiona ni baraza, kabisa. Wazee wamekaa chini ya mti, kijana anakuja kueleza alichokutana nacho, wanapima kama lishikwe au liachwe, alafu lililoshikwa linakua ndo njia ya kufundisha wengine. Kwenye hazina maarifa yenyewe ni ya aina kadhaa. Yapo ya mipaka, kwamba usihangaike zaidi ya hapa. Yapo ya mifano, fulani alifanya hivi akafanikiwa. Yapo ya kulijua eneo lenyewe, haya mi nilimwomba babu mdogo, yeye bado yuko hai, akanichorea kwa fimbo chini kwenye vumbi makorongo yote na wapi pana kivuko, nikapiga picha. Yapo ya ramani, sehemu zipi zimeshachunguzwa na zipi bado. Na yapo ya historia.

Nikalijenga hilo baraza. Na nikakosea mlango wa kupandisha.

Niliweka kwamba kila hatua chembe 6 bora kati ya 30 ndo zinapeleka maarifa juu. Inasikika sawa, nani hataki kusikiliza walio bora? Ila ubora nilikua naupima kwa jumla ya umbali wa wakulima wote, na mashamba mengi yako Mpunguzi, kwa hiyo pendekezo linalowafaa watu wa Mpunguzi linashinda hata kama linawatesa wa Mbabala. Hatua kumi tu na hazina nzima ikawa ni sauti ya Mpunguzi. Mipaka ikasogea, mifano yote ni ya upande mmoja, na chembe mpya ikijaribu kwenda Mbabala hazina inairudisha. Kilichokua hekima kikawa ukuta.

Kweli nilikosa raha. Kwa sababu kwenye kikao cha wakulima nilichohudhuria mwezi wa nne kilikua hivohivo. Waliozungumza ni wale wenye ekari nyingi. Akina mama wa Mbabala walikaa nyuma, wana mizabibu michache michache, hawakusema, na sisi tukaandika muhtasari tukasema wakulima wamekubaliana. Ni yule mama wa kreti, mjomba alipomfuata baada ya kikao akamsalimia vizuri, mbukwenyi mama, akakaa naye, ndo akasema kuna njia ya mifugo nyuma ya kilima ambayo toyo inapita hata mvua ikinyesha, haivuki korongo kabisa. Babu mdogo hakuitaja ile njia. Picha za setilaiti zinaionyesha kama mstari mwembamba tu, mi niliiona nikadhani ni mmomonyoko.

Nikarudi kwenye programu nikabadilisha mlango. Sasa zinapanda chembe 3 bora kwa jumla, na pamoja nazo chembe 1 bora kwa kila eneo, yaani ile inayowafaa zaidi watu wa Mbabala hata kama kwa jumla ni ya ishirini na tano inapanda na mfano wake unahifadhiwa. Nikaongeza na ile njia ya mifugo. Bumba likapata mpangilio ambao sikuwahi kuuona kwenye majaribio yote, kituo kimoja kikakaa mdomoni mwa ile njia, na jumla ya umbali ikashuka hata kwa watu wa Mpunguzi wenyewe. Nilirudia mara ishirini kuhakikisha sio bahati. Ikatoka palepale au jirani yake.

Sasa kuna jambo la mwisho ambalo ndo linanishughulisha wiki hizi. Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Haya yote niliyaandaa kwa msimu wa Machi, msimu wa mvua. Msimu wa Agosti na Septemba makorongo yamekauka, ni mchanga mtupu, toyo inakatiza popote, ramani ni nyingine kabisa. Nikaona nitumie ileile hazina, mbona maarifa tunayo, bumba lianze likiwa limekomaa. Lilianza kwa kasi kweli, ila likakwama mbaya kuliko lisilo na utamaduni wowote. Lilikua linaogopa korongo lisilo na maji. Kila njia fupi inayokatiza kwenye mchanga hazina inasema hapana, pale watu hawapiti.

Dawa nimeiazima kwa siafu na sisimizi, au tuseme kwa Marco Dorigo, aliyeandika tasnifu yake huko Milano mwaka 1992 akiiga sisimizi wanavyotafuta njia. Sisimizi anaacha harufu anakopita, wenzake wanaifuata, lakini ile harufu inapotea hewani kama hakuna anayeendelea kupita. Njia ya zamani isiyofaa inakufa yenyewe bila mtu kuitangaza kwamba imekufa. Nami nikaweka kila maarifa kwenye hazina yapungue nguvu asilimia 5 kila hatua, isipokua yakithibitishwa upya na chembe iliyoyatumia ikafaidika. Hofu ya korongo ikafifia, bumba likaanza kukatiza. Shida ni kwamba Machi ikirudi itabidi lijifunze hofu upya, na hofu ile ni ya kweli, kirikuu inaweza kuondoka na maji na mtu ndani. Kwa hiyo sasa hivi najaribu kutofuta kabisa, maarifa yanayofifia yawekwe pembeni yakiwa na alama ya msimu wake, mvua zikianza yaamke. Nilipomweleza babu mdogo akanitazama kama nimemuuliza kama maji yanalowesha. Akasema, mjukuu wangu, kwani sisi kiangazi tunawaambia watoto habari za mafuriko? Tunawaambia mawingu yakianza kukusanyika.

Nimeiandika hiyo sheria jana usiku. Inafanya kazi kwa majaribio mawili tu mpaka sasa, sitaki kuisifia.

Jumamosi naenda Mbabala. Nimechapa ramani kubwa isiyo na njia hata moja, ina mashamba tu na kilima, na nimebeba kalamu za rangi. Nataka akina mama wachore wenyewe wanapopita kiangazi, kabla sijaifungua laptopu.